Alama Ishirini za Kicheko

Kuna watu wanaouza samaki wadogo wa sambaza sokoni, kuna wanaouza makala ya kupikia, na kuna Josias, aliyekuwa akiuza Kiingereza. Kituo chake kilikuwa Katindo, nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu nyuma ya ukuta wa mawe meusi, karibu na kambi ya wanajeshi. Miezi tisa ya masomo, kisha mtihani mbele ya juri, kisha cheti, yaani brevet, yenye muhuri wa duara. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza siku Josias alipogundua mizaha.

Sijui nani alimwambia kwamba mtu hajui Kiingereza mpaka aweze kuchekesha kwa Kiingereza, na kwamba mizaha ya Waingereza hutengenezwa kwa maneno yanayotamkwa sawa huku maana zake ni mbali na mbali. Josias akaishika habari hiyo kama mlevi anavyoshika chupa. Tangu hapo kila anayemaliza masomo husimama mbele ya juri na wazazi, akatoa mzaha mmoja wa namna hiyo. Alama ishirini za sarufi, ishirini za matamshi, ishirini za kicheko. Ndiyo, kicheko. Ukikosa kuchekesha, miezi tisa imekwenda na maji.

Watu wa Goma hawafundishwi namna ya kujiokoa. Katika mtihani wa kwanza, Cubaka, karani mmoja kutoka upande wa Bukavu, mwenye kalamu tatu mfukoni na kazi ya kalamu moja, alimletea binti yake Cibalonza kwaya nzima ya parokia. Kwaya ilipanga kicheko chake kwa sauti nne. Cibalonza akasalimia tu, hata mzaha hajauanza, kiongozi wa kwaya akainua mkono, na nyumba ya mbao ikatikisika kwa kicheko. Bibi mmoja aliendelea kucheka peke yake mpaka wakati wa kugawa soda.

Josias akaona aibu akaandika kanuni, kwa sababu mtu wa namna hiyo akiona aibu haachi ujinga wake, anautungia vifungu. Kifungu cha saba: kila mwanafunzi atakuja na shahidi mmoja anayejua Kiingereza, atakayetia sahihi mlangoni; shahidi akicheka, alama zinahesabiwa, lakini akicheka kabla mzaha haujaisha, hicho ni kicheko cha kupangwa, na mwanafunzi atafutwa mpaka mtihani ujao. Kifungu cha nane: kicheko cha mtu asiyejua Kiingereza ni kelele, kama mvua juu ya mabati, hakiongezi wala hakipunguzi.

Yuma aliposomewa kanuni hizo na binti yake, Shakila, alitema mate pembeni ya baraza.

"Ni batu ya bure," alisema. "Batu ya bure kabisa."

Yuma alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa mtaa wa Majengo na ikabaki. Alikuwa dereva wa Fuso, akileta maharage kutoka mji wa Kiwanja, lakini zamani alishika njia ya Kampala miaka kumi na miwili, na kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Papa Kampala. Aliyepata barua ya Kiingereza alimletea. Aliyenunua dawa yenye maelezo ya Kiingereza alimletea. Yuma huvaa miwani, hukunja uso, husogeza midomo kidogo, kisha hutangaza: "Banasema ukuwe muangalifu sana, na uweke mbali na batoto." Ni nani amewahi kuumizwa na shauri kama hilo? Alilitoa kwa dawa za minyoo, kwa pasi ya umeme, na mara moja kwa barua iliyotoka kwa shemeji wa mtu huko Kanada.

Kwani ukweli ni huu, na Yuma alikuwa ameufungia ndani miaka thelathini: hakujua Kiingereza. Alijua kuhesabu mpaka elfu, majina ya vipuri vya lori, matusi mawili ya askari wa barabarani, na sentensi moja, "Yesi mai frendi, no problemu," ambayo ilimvusha kwenye kila kizuizi cha dunia. Akiitoa kwa sauti nzito huku anaondoka, hakuna aliyemfuata kumuuliza zaidi. Nyani haoni kundule, na Yuma aliwacheka wote wanaobabaisha Kiingereza, kuanzia Josias mpaka wachungaji wenye wakalimani.

Jioni hiyo Shakila alikuwa akisema mzaha wake mbele ya kioo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa na sababu ya kutetemeka. Shirika moja lilitafuta mkalimani kwa ajili ya kituo cha afya huko Kanyaruchinya. Kazi ni moja, waombaji hawahesabiki, dosie za maombi zinafungwa Jumatatu, na dosie isiyo na brevet haifunguliwi hata kwa heshima. Mtihani ulikuwa Jumamosi. Mwingine ungekuja baada ya nusu mwaka.

"Uniambie ile mzaha," Yuma alimwita. Jirani yake Djibril, muuza vipuri vya simu, alikuwa amekaa hapo na kikombe cha chai.

Shakila akausema kwa Kiingereza. Yuma alisikiliza huku ameinamisha kichwa, vilevile anavyosikiliza injini, na mwishoni akatikisa kidole.

"Matamshi yako si mubaya. Sasa ambia mama yako kwa Kiswahili, naye asikie."

Mbinu hiyo haikuwahi kumtupa.

"Mwanamuke mumoja alituma bwana yake unga," Shakila alimwambia mama yake, Faida. "Bwana akarudia na maua. Kwa Kingereza, unga na maua banatamka sawasawa: flawa. Mwanamuke akaangalia maua, akasema: bon, tia ku sahani, leo tutakula harufu."

Faida akatabasamu. Djibril akamtazama Yuma ili ajue kama inachekesha.

"Maua?" Yuma akauliza. "Alikufa nani?"

"Hakuna mutu alikufa, baba."

"Hapa Goma bwana analeta maua ku nyumba kama kuko matanga ao ndoa. Na bwana gani anatumwa unga, haulize kama ni ya muhogo ao ya mahindi? Ile si bwana. Bale Bazungu ni maskini ya maneno. Neno moja banavaa batu wawili, sawa bandugu benye suruali moja."

"Na siye?" Faida akasema taratibu. "Kupanda mulima na kupanda muhogo, ni maneno ngapi?"

Yuma akasema chai imepoa.

Djibril akacheka, kisha akauliza nani atakuwa shahidi. Shakila akajibu kwamba ameshazungumza na Aurélie, rafiki yake aliyepata brevet mwaka uliopita. Baba aje tu akae, yeye atafurahi kumwona.

Kikombe cha Yuma kikasimama hewani. Binti wa Papa Kampala aazime shahidi? Mtaa utasema nini? Djibril naye, mchochezi aliyezaliwa, akaongeza kwamba kweli, hiyo itakuwa ajabu, kama mutu wa ku ziwa kununua maji.

"Shahidi ni miye," Yuma alisema. "Na nitaleta batu. Kama ile karani alileta kwaya, miye sitakuya peke yangu sawa mwizi."

Shakila alimtazama baba yake. Akamtazama Djibril na kikombe chake.

"Sawa, baba," alisema.

Djibril alipoondoka, msichana akamfuata baba yake uani na kusema kwa sauti ya chini kwamba akimaliza mzaha atashika kitambaa chake cha kichwa. Hapo ndipo kucheka. Kabla ya hapo, asicheke.

"Miye?" Yuma alijigonga kifua. "Miye nipewe ishara? Miye nilikula Kampala miaka kumi na mbili?"

Alikuwa amekasirika kweli. Mtu aliyeishi na uongo miaka thelathini huanza kuutetea kama shamba la urithi.

Jumamosi asubuhi alitoka Majengo na watu kumi na wanne, wengi wao ukoo wa Maniema na madereva wenzake, wamevaa kanzu na mashati yaliyopigwa pasi. Aliwapa agizo moja: waangalie bega lake. Bega likitikisika, wacheke. Wala wasimtangulie, kwa sababu hawajui kitu. Mlangoni mwa kituo, penye daftari la mashahidi, aliandika jina lake lote, na katika nafasi iliyouliza kama anajua Kiingereza akaandika: sana sana.

Akakaa mstari wa mbele, akaanza kudharau. Alidharau viti. Alidharau mkufu wa saa wa Josias, maana saa yenyewe haikuwapo. Cubaka alikuwa amekuja pia, kwa ajili ya mpwa wake Cédrick, safari hii bila kwaya. Yuma alidharau kalamu zake, zote tatu. Mmoja tu alimshinda: mama wa juri, Mukagasana, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi aliyefundisha Kiingereza Kigali na Kampala maisha yake yote. Tangu asubuhi alikuwa amesikiliza mizaha tisa na hakuonyesha hata jino. Cédrick alisema wake, shahidi wake akacheka kwa adabu, watu wakapiga makofi. Mukagasana aliandika kitu kwa penseli huku ameshika shavu.

Kisha akaitwa Shakila.

Alisimama vizuri, Yuma akaona, bila kuyumba. Akasalimia. Akaanza. Maneno yakampita Yuma kama magari ya njia nyingine, naye akatikisa kichwa kwa ujuzi. Halafu akasikia, wazi kabisa, neno moja analolijua: flawa. Na saa ileile nje kwenye barabara ya kambi likapita lori la wanajeshi likinguruma, na Shakila akanyamaza ili lipite.

Alinyamaza. Lori likanguruma. Watu wote wakamwangalia msichana aliyesimama peke yake, na Yuma akaona ule ukimya umekaa juu ya mtoto wake kama jiwe. Flawa imekwisha kusemwa. Mzaha si ni huo wa flawa? Nini kinangojewa?

Akaangua kicheko. Kicheko kikubwa, cha tumbo, cha mtu wa Kampala. Bega likatikisika, na watu kumi na wanne wakapasuka nyuma yake. Djibril akajipiga paja, mjomba mmoja akasimama kabisa akipunga kofia.

Penseli ya Mukagasana ilianguka. Shakila alikuwa amefumba macho. Mkono wake haujagusa kitambaa. Mwanamke wa kwenye mzaha alikuwa ndiyo kwanza amtume mumewe unga.

Josias akainuka na karatasi ya kanuni. Mtu huyu angeshindwa kuongoza kuku kuingia bandani, lakini mpe karatasi. Akasoma kifungu cha saba mpaka mwisho, polepole, pamoja na tarehe. Shahidi amecheka kabla ya mwisho. Kicheko cha kupangwa. Mwanafunzi amefutwa.

"Ngoja," Mukagasana alisema. "Huyu muzee anajua Kingereza?"

"Alisaini, Madame. Aliandika sana sana."

"Niliuliza kama anajua. Kama anajua, mutoto anaenda nyumbani. Kama hajui, kifungu chako cha nane kinasema ile ilikuwa kelele, na mutoto anaanza tena." Akamgeukia Yuma, akamuuliza kitu kwa Kiingereza.

Yuma alisimama. Ile sentensi yake ilikuwa tayari mdomoni, imekaa kama dereva kwenye usukani. Yesi mai frendi, no problemu. Angeisema kwa sauti nzito, na angebaki Papa Kampala mpaka kaburini. Nyuma yake kumi na wanne walikuwa wamekaa kwa fahari, wakingoja awaoneshe hawa watu wa Katindo. Pembeni Cubaka alikuwa amenyoosha shingo. Na mbele, Shakila alimwangalia, bila kuomba chochote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuomba.

Alitamani lile lori lirudi limfunike.

"Mama," alisema, "sikusikia ata neno moja."

Nyumba ikaguna. Josias akainua daftari. "Muzee, uliandika sana mara mbili!"

"Nilidanganya."

Mukagasana akauliza tena kwa Kiingereza, polepole zaidi, akimkazia macho. Yuma akatikisa kichwa.

"Pengine unanisalimia, pengine unanitukana. Sijui. Nilifika Kampala, nikapakia, nikarudia. Miaka yote ilikuwa vile. Hakuna mutu alinifundisha kitu, na miye sikuuliza, juu nilikuwa na haya."

"Sasa ulicheka nini?"

Yuma aliangalia viatu vyake. "Alinyamaza. Niliona mutoto yangu ananyamaza mbele ya batu, nikaogopa."

Mukagasana akamwambia Josias aandike. Josias akaandika kwenye ripoti huku akitamka kila silabi, kama kawaida yake: ke-le-le. Yuma akakaa. Alikuwa ameandikwa kelele mbele ya Cubaka.

"Lakini sasa hana shahidi," Josias akasema, maana hakuweza kuacha jambo liende salama. "Kicheko cha nani kitahesabiwa?"

"Changu," Mukagasana alijibu.

Watu wakaguna tena, kwa huruma sasa. Mizaha kumi na mama huyu hajacheka hata kwa bahati mbaya.

Shakila akaanza upya. Lakini sauti haikuwa ileile ya kwenye kioo. Msichana alikuwa na hasira. Hasira na kanuni, na lori, na sisi sote tuliokaa mle ndani. Hakutabasamu pale alipofundishwa kutabasamu, wala hakuinua kidole pale alipofundishwa kuinua. Alipofika kwa yule mwanamke anayeyatazama maua, akatulia, akamtazama Josias kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye mkufu usio na saa, kama mke aliyechoka miaka ishirini, na akayatupa maneno ya mwisho kwa dharau kubwa iliyomfanya Yuma, asiyeelewa hata neno, arudi nyuma kwenye kiti. Hakuna aliyecheka. Wale kumi na wanne walikuwa wameshika midomo yao kwa mikono.

Kisha Mukagasana akatoa mlio puani, kama anayepiga chafya. Akajizuia. Ukamtoka wa pili, na wa pili ulikuwa kicheko chenyewe, kikavu, kifupi, cha mtu aliyepigwa na kitu asichokitarajia. Akafuta jicho kwa kidole kimoja na kuandika kumi na saba.

Brevet ilitiwa muhuri saa sita kasoro robo. Yuma alitoka nje mapema akasimama karibu na ukuta, akingoja kuaibishwa. Alikuwa amejiandaa. Aliwaona Djibril na wenzake wanakuja, wote kumi na wanne, na akanyoosha mgongo ili apokee haki yake.

Djibril alimkumbatia.

"Papa Kampala!" alipiga kelele. "Ulibaua! Yule mama anakuuliza, na weye unamuangalia sawa mbuzi! 'Pengine unanitukana!' Nani mwengine angeweza kuficha Kingereza yote ile?"

"Baba wa kweli," mjomba mwenye kofia alisema. "Alikunja jina yake ili mutoto apite."

"Hata Cubaka alisadiki," mwingine akaongeza. "Karani na akili yake yote."

Walimzunguka, wakampiga mgongo, wakagombania kumshika mkono. Djibril akasema mpwa wake ataingia mtihani ujao, na shahidi hawezi kuwa mwingine. Yuma aliwatazama mmoja mmoja. Wapumbavu, aliwaza, na mara hii dharau yake haikupata mahali pa kukaa, kwa sababu ni yeye aliyewafanya hivyo, sentensi moja kwa miaka thelathini.

"Djibril," alisema. "Unisikilize. Sijui Kingereza."

Wakaangua kicheko.

"Kweli," Yuma alisema kwa sauti. "Naapa. Sijui! Ata ile barua ya Kanada sikuisoma!"

Ndipo walipocheka hasa. Hakuna bega lililowaongoza. Mjomba alishika ukuta, Djibril aliinama akikohoa, machozi yakamtoka, na wapita njia wakasimama kuangalia watu wanaofurahi namna ile. Siku nzima katika kituo kile hakikusikika kicheko kama hicho.

Shakila alikuwa ametoka, brevet mkononi. Yuma akamwona kama mtu anayezama anavyoona mtumbwi.

"Shakila, baambie. Weye unajua."

Hapo hapo, kwa namna alivyomtazama, alielewa kwamba kweli anajua, na kwamba amejua tangu alipokuwa mtoto wa shule anayesoma mwenyewe karatasi za dawa baada ya baba kuzirudisha. Msichana aliwageukia wale watu, bado wanacheka, wakingoja neno lake.

"Baba anapenda mizaha," alisema.

Wakacheka upya. Akamshika baba yake mkono, juu kidogo ya kiwiko, na vidole vyake vikambana kwa nguvu, mpaka ikauma.